Mpira wa Moto na Wanawe: Jinsi Maua ya Vitunguu Yanavyojizidisha

Kila mwaka mvua za masika zikianza kunyesha hapa Ruiru, kando ya ua wa shule yetu hutokea ua. (Mwalimu wa sarufi atanisamehe kwa kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, sikuyaumba mimi.) Halitangulizwi na majani mengi wala kelele. Jumatatu pale pana udongo mtupu na karatasi za peremende. Siku chache baadaye pana bua nene, na juu yake tufe jekundu kubwa kuliko ngumi ya mtu mzima, limejaa nyuzinyuzi zilizosimama kama nywele za mtu aliyeguswa na stima. Wanasayansi huuita mmea huo Scadoxus multiflorus. Sisi hapa shuleni tumezoea kuuita mpira wa moto, na jina hilo litatutosha.

Tufe hilo si ua moja. Ni maua madogo mengi yaliyokaa juu ya bua moja, pengine 100, pengine hata 200. Tena mmea huu si mgeni. Huota wenyewe katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, kuanzia huku kwetu hadi Afrika Magharibi na kusini. Wale wanaodhani kwamba kila ua zuri lililo mbele ya ofisi lililetwa na mkoloni wajue kuwa hili lilikuwepo kabla ya ofisi.

Mwaka huu habari za mpira wa moto zimekuwa nzito kuliko kawaida, kwa sababu mahali unapoota pamepigwa vigingi. Bweni jipya litajengwa pale. Nani hataki bweni jipya? Mimi mwenyewe ningelipokea kwa mikono miwili. Lakini katika mkutano wa Chama cha Kiswahili mtu mmoja aliuliza, "Sasa yale maua yataenda wapi?" Mwingine akamjibu, "Si tung'oe tu tupande kwingine?" Wa tatu akadakia, "Aa wapi! Tuchukue mbegu, kazi kwisha." Ubishi uliendelea mpaka kengele ya prepu ikalia, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano, nilipewa kazi ya kuchunguza na kuwaandikia nyote. Nimesoma, nimeuliza, na nimechimba kidogo. Kumbe kung'oa na kupanda mbegu si njia mbili za kufikia jambo moja. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Tuanzie jikoni. Chukua kitunguu cha kawaida, kile cha kukaangia sukuma wiki, ukipasue kutoka juu hadi chini, si kwa ubavu kama wapishi wafanyavyo. Chini kabisa utaona kibamba kigumu chenye mizizi, ambacho mpishi hukikata na kukitupa. Nitakiita kitako. Hicho ndicho shina la kweli la mmea, ila limefupishwa mno hadi likawa bapa kama sarafu. Juu ya kitako kuna magamba manene yaliyofunikana. Hayo ni majani, au tuseme sehemu za chini za majani, zilizogeuzwa kuwa ghala la chakula. Halafu katikati kabisa, na pia kwenye makwapa ya magamba, yaani pale gamba linaposhikana na kitako, kuna macho: vichipukizi vidogo mno vinavyongoja zamu yao.

Ukishayaona hayo umeshapata nusu ya makala haya. Kitunguu si mzizi wala si tunda. Ni mmea mzima uliojifungia chumbani pamoja na chakula chake. Mvua ikikatika, majani ya juu hukauka na watu husema ua limekufa. Halijafa. Mwenyewe yuko chini, hai, na ndani yake ua la mwaka ujao huenda limekwisha kuanza kuumbwa. Ndiyo maana mpira wa moto huweza kuchanua haraka namna ile mvua inapoanza: haukungoja mvua ndipo uanze kujiandaa. Wengi wetu tungefanya hivyo hivyo na mitihani, tungekuwa mbali.

Tena kitunguu hujua kukaa chini. Jambo hili lilinishangaza kuliko yote. Vitunguu vingi vya maua vina mizizi ya kawaida ya kunywa maji, lakini pia vina mizizi minene ya kuvuta. Mzizi wa namna hiyo hushuka, hujishikilia kwenye udongo, kisha hufupika na kujikunyata kama soksi iliyoteremka mguuni. Ukifupika, kitunguu huvutwa chini kidogo. Msimu mwingine huvutwa tena. Kwa hivyo mbegu iliyoota juu juu ya ardhi huishia kuwa kitunguu kilicho chini kuliko linapofika jembe la kupalilia. Nenda kwenye yale mashamba ya zamani ya kahawa huku kwetu, mahali nyumba ilipobomolewa kitambo na mawe yakachukuliwa yote. Utakuta maua yaliyopandwa kando ya ngazi bado yanachanua kwa mstari ulionyooka, yakizilinda ngazi zisizokuwepo.

Sasa tuje kwenye uzazi wenyewe.

Njia ya kwanza haihitaji baba. Jicho moja lililo kwapani mwa gamba likipata chakula cha kutosha, huvimba, hujitengenezea magamba yake, halafu kitako chake, halafu mizizi yake. Mwanzoni hushikamana na mama yake. Gamba la mama lililo kati yao likikauka, mtoto huwa na makao yake mwenyewe, ubavuni mwa mama. Mfano ulio wazi kabisa ni kitunguu saumu: kila punje unayoimenya ni mtoto wa namna hiyo, na ndiyo maana mkulima wa vitunguu saumu hapandi mbegu bali hupanda punje.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa kitunguu methali hii haitoshi. Mtoto wa ubavuni si wa aina moja na mama yake tu. Ni mama yuleyule, aliyenakiliwa herufi kwa herufi. Mama akiwa mwekundu, mtoto ni mwekundu. Mama akiwa na mistari myeupe, mtoto ana mistari ileile. Ukiona safu nzima ya maua yanayofanana bila kasoro, fahamu kwamba huenda unatazama mmea mmoja uliojigawa mara nyingi.

Kila jamii ya maua ina tabia yake katika kazi hii. Yale maua makubwa mekundu kama tarumbeta, ambayo hupandwa mbele ya nyumba nyingi hapa Ruiru na ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini (jina lake la kisayansi ni Hippeastrum), huzungukwa na watoto wake kama kuku na vifaranga. Mpira wa moto ni bahili zaidi: hutoa watoto wa ubavuni, lakini polepole. Nilipochimba kando ya shina moja la pembeni kwa ruhusa ya mzee wa bustani, nilitarajia kukuta familia kubwa. Nilikuta mama na mtoto mmoja mwenye ukubwa wa kidole gumba.

Gladiola, zile zinazouzwa na wauza maua kwa mashada marefu, zina ujanja mwingine. Chini yake hakuna magamba manene. Ukipasua utakuta bonge gumu, kama gimbi dogo. Hilo ni shina lililovimba. Kila msimu bonge la zamani hutumika lote na kunyauka, na jipya huumbwa juu yake, kana kwamba mtu anajenga nyumba mpya juu ya paa la ile ya zamani. Pembeni kwenye kitako hutokea vibonge vidogo vidogo, vingine kama njegere, na kila kimoja kinaweza kuwa mmea baada ya misimu kadhaa. Na kwa taarifa yako, mmoja wa mababu wakuu wa gladiola zinazouzwa madukani ulimwenguni kote ni Gladiolus dalenii, ua la mwituni la Afrika ambalo huota hata hapa Kenya. Lilikwenda Ulaya, likachanganywa na ndugu zake, likarudi likiwa limevaa suti.

Halafu kuna gugu moja ambalo kila aliyewahi kupalilia kahawa analijua. Lina majani matatu, kila moja likikaribia umbo la moyo, maua ya waridi yanayokaribia zambarau, na kikonyo kichachu ambacho watoto hupenda kutafuna. Hilo ni Oxalis latifolia. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika, na lilisambazwa sehemu nyingi za dunia kwa sababu watu waliliona zuri bustanini. Hujizidisha kwa vitunguu vidogo vinavyotokea kwenye vikonyo vya chini ya udongo. Ukivuta majani, unabaki na majani mkononi. Ukilima kwa hasira, unavitawanya vile vitoto shamba zima, na baada ya wiki chache unakuta magugu mara kumi. Nimelitaja kwa sababu watu hupenda kusema kwamba ua ni ua na gugu ni gugu. Chini ya ardhi zinafanya kazi ileile. Tofauti iko kwa mwenye jembe.

Wanadamu nao wamejifunza kumharakisha kitunguu. Siri ni kitako. Kipande chochote cha gamba kilichobaki na kijisehemu cha kitako kinaweza kuumba mtoto mpya. Kwa hivyo wataalamu wa bustani huchukua kitunguu kimoja kikubwa cha yale maua ya tarumbeta, wakakipasua kama keki vipande 8 au hata 16, kila kipande kikiwa na kitako chake kidogo, wakavifukia nusu katika mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya wiki kadhaa vitunguu vidogo hutokea katikati ya magamba. Huko Uholanzi wakulima wa maua ya hiasinti hufanya jambo linaloonekana kama ukatili: hukwangua kitako chote kwa kisu kilichopinda, na kitunguu kilichojeruhiwa hivyo hujibu kwa kuzaa vitoto 20, 30 na zaidi kwenye kidonda. Kipande kisicho na kitako, kwa maua mengi ya namna hii, huoza tu. Kwa hivyo wewe unayetaka kujaribu, angalia kwanza unakata wapi. Na kisu kiwe safi. Nitaeleza sababu hivi punde.

Njia ya pili inahitaji wazazi wawili, na hii ndiyo tunayoikremu katika Bayolojia ya Kidato cha Tatu: chavua, stigma, ovari, na kadhalika. Sitairudia yote. Kwa mpira wa moto, vipepeo ni miongoni mwa wageni wake. Nchini Afrika Kusini watafiti waliochunguza ndugu yake wa karibu waligundua kwamba vipepeo wakubwa hubeba chavua kwenye mabawa yao wanapopigapiga katikati ya zile nyuzi nyekundu. Ua likishachavushwa, tufe hunyauka na mahali pake hutokea matunda madogo ya kijani ambayo baada ya miezi kadhaa huwa mekundu, na ndege huvutwa na wekundu huo. Ndani ya kila tunda mna mbegu moja au chache.

Mbegu hiyo si nakala. Ina nusu ya maagizo kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, yamechanganywa upya. Inaweza kuwa nyekundu zaidi, au fupi zaidi, au ikavumilia ukame ambao mama yake hakuuvumilia. Inaweza pia kuwa dhaifu. Hapo methali ya nyoka inalegea kidogo: mtoto ni nyoka, ndiyo, lakini si nyoka yuleyule.

Hasara ya mbegu ni muda. Mtoto wa ubavuni mwenye afya huweza kuchanua baada ya msimu mmoja au michache. Mpira wa moto uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka mitatu, minne, au zaidi. Pia mbegu zake hazikubali kuwekwa. Si kama mahindi, ambayo unaweza kuyakausha na kuyatia kwenye debe hadi mwakani. Mbegu ya mpira wa moto ikikauka inakufa. Inataka kupandwa ikiwa mbichi, ile wiki iliyotolewa kwenye tunda. Ndugu yake Crinum, lile yungiyungi la mbugani lenye maua meupe na mistari ya waridi, amezidi: mbegu yake ni nono kama kiazi kidogo na imebeba maji yake mwenyewe. Ukiisahau juu ya meza itaota juu ya meza.

Kuna pia wadanganyifu. Baadhi ya yale maua madogo ya mvua, Zephyranthes, ambayo huchanua ghafla baada ya mvua kubwa, hutoa mbegu ambazo hazikuchanganywa na baba yeyote. Ukizipanda ukitarajia rangi mpya utangoja bure. Zitamtoa mama yuleyule. Ni nakala iliyovaa koti la mbegu.

Kwa nini tofauti hii ina maana? Hapa sina haja ya kwenda mbali, kwani mfano uko kwetu. Kila mmoja amesikia jina Ruiru 11. Hata wageni ambao hawajui Ruiru iko upande gani wa Thika Road wanalijua kwa sababu ya kahawa. Aina hiyo ilitolewa mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa hapa, baada ya miaka mingi ya kupambana na ugonjwa wa matunda ya kahawa ambao uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu mwaka wa 1922. Ruiru 11 hupatikana kwa kuchavusha kwa mkono mama wa aina moja na baba wa aina nyingine. Mkulima akiokota mbegu chini ya miti yake mwenyewe ya Ruiru 11 na kuzipanda, hapati Ruiru 11. Anapata mchanganyiko: mmoja mfupi, mwingine mrefu, mmoja unastahimili ugonjwa, mwingine haustahimili. Kwa hivyo mbegu halisi hutengenezwa kituoni, ua kwa ua, au miche hunakiliwa kwa vipandikizi. Aina ya Batian, iliyotolewa mwaka wa 2010, haina shida hiyo. Mbegu yake hufuata mzazi. Ukitaka kuhifadhi kitu kilivyo, nakili. Ukitaka kupata kitu kipya, panda mbegu. Watafiti walihitaji yote mawili: mbegu ili kupata mti bora, na nakala ili wasiupoteze.

Lakini kunakili kuna adhabu yake. Mtoto wa ubavuni hurithi sura ya mama pamoja na maradhi yake. Tazama majani ya maua ya tarumbeta katika bustani nyingi na utaona mengine yana michirizi ya manjano kama yamepakwa rangi na mtu asiye na subira. Mara nyingi hiyo ni kazi ya virusi. Vidukari huvitoa mmea mmoja na kuvipeleka mwingine, na kisu kichafu kinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Vikishaingia kwenye kitunguu havitoki, na kila mtoto anayezaliwa ubavuni anavyo tangu siku ya kwanza. Mbegu, kwa maua mengi ya vitunguu, huzaliwa safi.

Waholanzi walilipia somo hili kwa fedha nyingi. Katika miaka ya 1630 walipenda sana tulipu zenye miali ya rangi mbili, hasa moja iliyoitwa Semper Augustus, na bei za vitunguu vyake zikapanda mpaka zikawa za kichaa. Februari 1637 soko likaporomoka. Jambo ambalo hawakulijua, na ambalo lilithibitishwa katika karne ya 20, ni kwamba miali ile mizuri ilisababishwa na virusi. Mbegu za tulipu hizo hazikutoa miali. Watoto wa ubavuni walitoa, lakini kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa, alizaa watoto wachache na dhaifu. Ndiyo maana zilikuwa adimu. Watu walinunua ugonjwa kwa bei ya nyumba.

Na kuna adhabu ya pili. Kuna mimea inayokataa chavua yake yenyewe. Ikiwa bustani nzima ni nakala za mmoja, basi chavua ya jirani ni chavua yako, na hakuna mbegu itakayopatikana hata vipepeo waje kwa mabasi.

Sasa turudi kwenye ua wa shule yetu na vile vigingi. Mji wetu haungoji mtu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 239,000 hapa Ruiru. Ile ya 2019 ilipata zaidi ya 490,000. Watu hao wanahitaji nyumba, shule, na ndiyo, mabweni. Mashamba ya kahawa yamekuwa mitaa, na vichaka vya kando ya mito vimekatwakatwa kuwa ploti. Mpira wa moto unaoota wenyewe umebaki vipande vipande, na kipande kilichoko ndani ya ua wetu sidhani kama kilipandwa na mtu. Mashina yake hayalingani: mengine ni mafupi, mengine yana tufe dogo lenye wekundu uliofifia, na hayakai kwa mstari. Kwa maoni yangu hiyo ni dalili ya mmea uliokuja kwa mbegu, labda kwa tumbo la ndege, mara nyingi, miaka mingi. Ikiwa ni hivyo, tukichukua vitunguu viwili vitatu vilivyo karibu na njia na kuvigawa, tutakuwa na maua mengi mbele ya ofisi, lakini yatakuwa ya watu wawili watatu tu. Wengine wote watabaki chini ya zege.

Kwa hivyo chama kimekubaliana kufanya yote mawili, na kwa utaratibu huu. Vitunguu vyote, si vile vikubwa peke yake, vitachimbwa majani yatakapokuwa yamegeuka manjano, kabla ya mvua za vuli. Tutatumia uma wa bustani, si jembe, na tutaanza kuchimba mbali na shina, kwa sababu ya ile mizizi ya kuvuta: kitunguu kiko chini kuliko unavyodhani. Mtoto aliyeshikamana sana na mama hataondolewa kwa nguvu. Vitapandwa upande wa pili wa maabara, mahali penye kivuli cha nusu siku, shingo ya kitunguu ikiwa karibu na uso wa udongo. Tusilalamike mwaka ujao baadhi yake vikikataa kuchanua. Mpira wa moto haupendi kuguswa mizizi, na huweza kununa msimu mzima.

Matunda nayo yameanza kuwa mekundu. Kila moja litaminywa, utelezi wake uoshwe kwa maji, na mbegu ziwekwe siku ileile juu ya mchanga uliochanganywa na mboji, zibonyezwe kidogo tu, zisifukiwe. Usishangae ukiona mzizi umetoka na kitunguu kidogo kimeanza kuvimba huku jani halijaonekana. Ndivyo unavyoanza: ghala kwanza, jani baadaye.

Tahadhari moja, na hii si mzaha. Mpira wa moto na maua ya tarumbeta yako katika jamii moja na kitunguu cha jikoni, lakini yana sumu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika mpira wa moto umewahi kutumiwa katika sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Vitunguu vitakavyochimbwa visiachwe karibu na jikoni hata kwa dakika moja, wala majani yasitupiwe mbuzi wa jirani. Mikono ioshwe kwa sabuni. Visu na uma zitachovywa kwenye maji yenye jiki kabla ya kuhamia mmea mwingine.

Trei za mbegu ziko nyuma ya maabara, kwenye kivuli cha tangi. Zinahitaji unyevu, si mafuriko. Zikimwagiliwa na kila mpita njia zitaoza. Zamu ni Jumatano na Jumamosi baada ya michezo, na orodha ya majina imebandikwa kwenye ubao wa chama. Sisi wa Kidato cha Tatu tutakuwa tumeondoka kabla ya ua la kwanza kutoka kwenye trei hizo, kwa hivyo tumeandika kwenye kila trei tarehe ya kupanda na mahali shina la mama lilipokuwa, kwa wino usiofutika na mvua.